Shemasi Polepole na Mkewe Mwenye Haraka

Mume wangu anaitwa Benuel Glick. Hapa Lancaster, katika kanisa letu la watu wa farasi, tusio na umeme wala simu ndani ya nyumba, kina Benuel Glick ninaowajua mimi ni kumi na mmoja, kwa hiyo kila mmoja kapachikwa jina lake. Yupo Benuel Siagi, yupo Benuel Mashavu, na yupo Benuel Kisima, ambaye alitumbukia humo akiwa na miaka minne na hajaachwa apumzike hadi leo. Wangu mimi ni Benuel Polepole. Ni fundi wa saa za ukutani, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambayo mtu hulipwa kwa kuwa mzito. Anaweza kukaa na kigurudumu cha saa mkononi tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana, akikigeuza, akikipuliza, akikisemesha. Mimi ni Suvilla. Mbele ya uso wangu sijapachikwa jina lolote. Nyuma yangu sijui.

Alinichumbia vilevile, polepole. Miaka mitatu, Jumapili baada ya Jumapili, alinirudisha nyumbani kwa gari la farasi baada ya vijana kumaliza kuimba, na njia nzima alikuwa na maneno matano, mawili kati ya hayo akimwambia farasi. Mwishowe nikamwambia, "Benuel, kama una neno nami liseme, maana huyu farasi anazeeka." Akafikiri mpaka tukavuka daraja. Akasema, "Mi nilidhani tumeshakubaliana." Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Tulioana Novemba ile ile, tukajaliwa watoto sita, na sijamsikia akimfokea yeyote, hata nyumbu. Kufoka ni kazi yangu.

Alikuwa na miaka thelathini na minne kura ilipomwangukia. Kwetu ushemasi hauombwi wala hausomewi. Shemasi wa zamani alikuwa amefariki. Waumini wakapita mmoja mmoja mlangoni kunong'ona jina wanalolitaka, na wanaume sita waliopata sauti tatu au zaidi wakaketishwa mbele ya meza yenye vitabu sita vya nyimbo. Ndani ya kitabu kimoja kulikuwa na kikaratasi chenye mstari wa Maandiko. Benuel, kama kawaida yake, alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, akabakiziwa kimoja. Kikaratasi kilikuwa humo. Wanawake wote walilia, maana kwetu huo si ukubwa. Hakuna mshahara, hakuna kustaafu, ni mzigo wa kufa nao. Mimi nililia kwa hasira. Nilimnunia Mungu wiki mbili nzima, nikamnunia na Benuel siku tatu za ziada kwa kuchelewa kuchagua kitabu.

Hebu fikirini: mtu asiyeweza kumfukuza jogoo jikoni ndiye anayetumwa kumwambia mwanamume mwenzake kwamba ukingo wa kofia yake umekuwa mwembamba mno, au kwamba ile simu aliyoiweka kibandani shambani kwa ajili ya biashara imeanza kusogea kuelekea jikoni. Alikuwa akiondoka hapa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Akifika huko anaketi, basi. Anaitazama saa yao ya ukutani, anaona inachelewa, anaishusha, anaifungua, anaanza kuisafisha, na mwenye kosa amesimama pale jasho linamtoka. Kabla saa haijarudi ukutani, mtu keshasema yote, na mengine ambayo hakuulizwa. Askofu wetu, Ammon Riehl, hupenda kusema kwamba hakuna kanisa lenye saa sahihi kama letu, na sababu ni wingi wa wakosaji.

Kazi yake nyingine ilikuwa tamu zaidi. Kijana akitaka kuoa humwendea shemasi kwa siri, na shemasi ndiye anayepeleka ombi kwa wazazi wa msichana. Huko Benuel alikuwa akienda anapiga mluzi.

Mimi nami nilikuwa na ushemasi wangu, ambao haukupigiwa kura na mtu. Mke wa shemasi hatakiwi kuwa na doa, na kwa miaka ishirini na minne sikuwa nalo, na nilihakikisha wengine wanalijua hilo. Mtu akipiga magoti kuungama mbele ya kanisa, mimi nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa, na wa kwanza kumpelekea pai la molasi kesho yake, ili nimwone vizuri kwa karibu. Nyani haoni kundule.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Binti yetu wa mwisho, Rosanna, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na aliyekuwa akimrudisha nyumbani Jumapili ni Sylvan Petersheim, kijana wa kanisa letu hilihili, mtengenezaji wa magari ya farasi, mwenye mikono mikubwa na masikio makubwa zaidi. Kwetu uchumba ni siri mpaka utangazwe kanisani, baada ya Meza ya Bwana ya Oktoba, na harusi ni Novemba. Siri yenyewe ni ya aina yake: hakuna anayejua na hakuna asiyejua. Kinachoiharibu ni seleri. Harusi ya watu mia tatu na hamsini haiendi bila seleri, ya kupika kwa maziwa, ya kuchanganya na kuku, na ya kusimamisha kwenye magilasi mezani mahali pa maua. Na lazima ipandwe mapema. Nilipanda miche mia nne nyuma ya mahindi, mahali ambapo mpita njia hawezi kuiona. Lakini Malinda Zook, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, si mpita njia. Alipanda ngazi kuchuma cheri ambazo zilikwisha wiki mbili nyuma.

"Suvilla!" akanipigia kelele kutoka huko juu. "Mwaka huu mnapenda seleri kweli kweli!"

"Benuel tumbo linamsumbua. Kaambiwa ale mboga."

"Miche mia nne? Basi hilo ni tumbo!"

Benuel mwenyewe, baba wa msichana, alikuwa eti hajui. Alipita na jembe lake katikati ya matuta, akapalilia seleri yote mche kwa mche, asiulize neno.

Kisa kilitokea wiki ya pili ya Agosti. Lusani ilikuwa imekatwa, imekauka, imefungwa marobota, imelala shambani. Ndicho chakula cha ng'ombe wetu wa maziwa kwa msimu mzima wa baridi. Benuel alikuwa amewakopesha nyumbu wetu wote wanne mjane Arie Esh, kwa sababu aliombwa na neno hapana halijui, kisha akachukua farasi na gari kwenda kumwona mtu kuhusu ile simu. Saa nane mchana wingu likatokea magharibi, jeusi tii. Nyumbani tulikuwa mimi, Rosanna aliyekuwa chini stoo akipanga mitungi ya achari, na Sylvan, aliyekuja kurekebisha gurudumu la mkokoteni. Gurudumu hilo lilikuwa limerekebishwa mara tatu mwezi ule.

Ghalani tuna trekta. Karibu kila mtu anayo. Ina magurudumu ya chuma, na kazi yake ni kusimama palepale na kuzungusha mashine ya kusaga lishe. Shambani haikanyagi. Ndivyo kanuni ya kanisa letu ilivyo, na mpaka unapita mlangoni mwa ghala. Baba yangu alikuwa akisema ukiwa na trekta shambani humhitaji jirani, na usipomhitaji jirani, kanisa utalihitajia nini? Nililijua neno hilo tangu utotoni. Nimewafundisha wanangu sita.

"Sylvan," nikamwambia, "itoe trekta."

"Mama Suvilla, hapo hapana. Hiyo siwezi."

"Lusani yote inaloa!"

"Nakimbia kwa kaka, nilete farasi wawili sasa hivi."

"Utarudi mvua ishapita! Haya kimbia, na masikio yako hayo labda upepo utakubeba!"

Sikatai, nilikuwa na hasira. Nililikasirikia wingu, nikamkasirikia Benuel, nikamkasirikia hata mjane wa watu asiye na hatia. Nikaifunga aproni yangu sawasawa, nikapanda, nikaiwasha. Kuiwasha nilijua, kwani mimi ndiye ninayesaga lishe. Kuiendesha sikujua. Ilitoka mle ndani mbio kama nguruwe aliyeponyoka, ikaparua nguzo ya mlango, ikashika njia ya shambani, na mbele ya shamba kuna bwawa. Sylvan akaikimbilia, akarukia kwa nyuma, akanisukuma kando na kuushika usukani. Nikateremka, au niseme ukweli, nikaanguka. Alipoisimamisha tulikuwa tayari katikati ya lusani, injini inanguruma, matone ya kwanza yanadondoka. Kijana akanitazama.

"Sasa unangoja nini?" nikamfokea. "Tumeshaingia! Funga tela!"

Akafunga tela. Rosanna akasikia kelele, akatoka mbio, akamkuta mpenzi wake juu ya trekta, akashika kichwa, kisha akashika marobota. Tulipakia watu watatu kwa nguvu za watu tisa. Tela la mwisho lilipoingia ghalani, mvua ikamwagika. Na Malinda, msiulize, alikuwa juu ya ngazi yake. Ila ghala letu limempa mgongo. Alichokiona ni Sylvan Petersheim akiendesha trekta katikati ya shamba la shemasi, basi; sisi wanawake wawili tulifichwa na tela.

Jioni Benuel alirudi akaiona nguzo iliyopasuka. Akaitazama. Akaleta nyundo na ubao, akaitengeneza, akaja kula. Nikadhani amedhani ni upepo. Nikajiambia nitamwambia tukishakula. Tulipokula nikajiambia kesho. Kesho kwetu iko nyingi, hasa ukiwa na jambo la kuungama.

Jumapili askofu alikuwa ameshapata habari. Benuel akatumwa kwa Sylvan, yeye na mhubiri mmoja, maana onyo la namna hiyo hupelekwa na watu wawili. Kijana hakubisha. Ndiyo, aliendesha trekta shambani, amekosa, ataungama. Mambo yangeishia hapo. Kwa kosa kama lile mtu hupiga magoti, husamehewa, na watu huenda zao kula. Lakini mhubiri akauliza, "Ghalani nani aliitoa?" Sylvan akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Saa ya kina Petersheim ilishushwa, ikasafishwa, ikatiwa mafuta, ikarudishwa ukutani, na kijana bado kanyamaza.

Kusema uongo hakuweza. Kunitaja hakutaka, mimi mama wa Rosanna, mke wa shemasi. Na anayenyamaza mbele ya watumishi wa kanisa huhesabiwa mkaidi, na mkaidi hutengwa wiki sita. Haketi meza moja na ndugu zake, hashiriki Meza ya Bwana, wala jina lake halitangazwi na la msichana yeyote. Uamuzi ungetolewa kwenye mkutano wa baraza, mwisho wa Septemba. Wiki sita kuanzia hapo zingeimeza Oktoba yote na kuimega Novemba. Harusi ingengoja mwaka mzima, na moyo wa mtu aliyetengwa bila haki haujulikani utakuwa wapi baada ya mwaka. Wapo walioondoka wasirudi.

Siku moja nilimkuta Rosanna kwenye seleri, anapalilia mahali pasipo na gugu.

"Mama, kwa nini hasemi tu? Anamficha nani?"

"Vijana wana vichwa vigumu."

"Mi nimeshamuuliza, hata mimi haniambii. Anasema tu si siri yake." Akafuta pua kwa mkono wenye udongo, akanikazia macho. "Huyo anayefichwa ni mtu gani, Mama? Analala usingizi kweli?"

Nikasema nimeacha maziwa jikoni. Hakukuwa na maziwa jikoni. Nikasimama mbele ya jiko baridi nikajiona mdogo kuliko nilivyowahi kuwa.

Lakini bado sikusema. Nieleze kwa nini, ingawa sababu haipendezi: niliona aibu. Niliwaona wale wote niliowatikisia kichwa wamepanga foleni mlangoni kwangu, kila mmoja na pai lake la molasi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Benuel alikwenda mara ya pili katikati ya Septemba. Aliporudi alikaa mezani, kijiko hakukigusa.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kanyamaza." Akafikiri. "Kijana mzuri sana yule."

"Kula basi, viazi vinapoa."

Akanitazama kwa muda mrefu, macho yale anayozitazamia saa. "Suvilla, una neno?"

"Neno gani tena? Kula!"

Akala.

Mkutano wa baraza ulifanyika katika ghala la askofu. Siku hiyo tunakaa kuanzia asubuhi hadi alasiri, kanuni zote husomwa, na kila mmoja huulizwa kama ana amani na Mungu na ndugu zake, maana bila amani hakuna Meza ya Bwana. Baadaye watoto na wasiobatizwa wakatolewa nje, tukabaki waumini kama tisini, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Sylvan akaitwa mbele. Akakaa ameinama, viganja usoni, kama ilivyo desturi. Tulichoweza kukiona ni masikio, na yalikuwa mekundu.

"Ndugu Sylvan," askofu akasema, "nakuuliza mara ya tatu, na ndiyo ya mwisho. Ghalani nani aliitoa?"

Masikio yakazidi kuwa mekundu. Rosanna alikuwa benchi lililo mbele yangu. Niliiona shingo yake chini ya kofia ya sala, imeinama. Sikufikiri kitu. Ningefikiri, ningekaa. Nikasimama.

"Suvilla," askofu akasema kwa upole, "zamu ya akina dada bado."

"Siketi, Ammon. Nikiketi sitasimama tena. Trekta niliitoa mimi."

Ghala zima likageuka.

"Niliiwasha mimi, nguzo nikaivunja mimi, na ningeingia nayo bwawani kama huyu kijana hangenirukia mgongoni. Kisha nikamwamuru apakie, akapakia. Amenibeba wiki saba hizi, na mimi nimekaa hapa na aproni yangu safi nikiimba. Rosanna, mtu mwenyewe ndiye mimi. Na usingizi silali."

Nikasikia sauti ya Malinda Zook, nusu ya kunong'ona, yenye uchungu wa mtu aliyepitwa na jambo zima: "Hilo mimi sikuliona!"

Hapo nikadhani yameisha. Lakini katika benchi la watumishi mtu alikuwa anainuka, na kwa jinsi alivyochelewa kufika juu, kila mtu alijua ni nani.

"Mimi nilijua," Benuel akasema.

Askofu akavua miwani.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Kwenye nguzo palikuwa na msumari, na kwenye msumari kipande cha aproni yake. Nikakitia mfukoni." Akanyamaza, tulimngoja, tumezoea. "Nimekwenda kwa huyu kijana mara mbili kumuuliza ni nani, na jibu liko mfukoni mwangu. Nimeingia nyumba zenu zote. Hakuna hata mmoja wenu niliyemsaza. Wangu nilimsaza. Nilijiambia namngoja aseme mwenyewe, na kweli nilimngoja. Ila nilimpenda kuliko nilivyompenda Sylvan, na shemasi haruhusiwi. Kosa langu ni kubwa kuliko lao." Akafikiri tena. "Pia nilimwogopa."

Mtu mmoja upande wa wanaume alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi nililia. Miaka thelathini na mitano ya ndoa, na maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuyasema kunihusu aliyasema mbele ya watu tisini, akijishtaki.

Anayeungama hutolewa nje kanisa likiamua. Tukatoka wote watatu, tukasimama karibu na farasi waliofungwa uzioni, jua linatuwaka, hakuna anayejua pa kuweka mikono.

"Mama Suvilla," Sylvan akasema, "sikusema mimi."

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Na yale ya masikio pia unisamehe."

"Ya masikio ni kweli," akasema.

Kisha akamsogelea Benuel, akazungusha kofia yake mara mbili mkononi. "Benuel, najua hapa si mahali pake, na labda humo ndani wanatutenga wote. Ila wakitusamehe, mi nina ombi. Lile la siri. Kwa wazazi wa msichana fulani."

Benuel akamtazama, akamtazama farasi, akaitazama anga. Nilitamani kumfinya. Halafu akanigeukia mimi, akavua kofia kama mgeni aliyefika mlangoni.

"Dada Suvilla, nimetumwa. Kuna kijana anayemtaka binti yenu Rosanna. Wewe na mumeo mnasemaje?"

"Mimi nasema ndiyo," nikamjibu. "Mume wangu itabidi umngoje. Yule huwa anachelewa."

"Mumeo kasema ndiyo tangu kwenye seleri," Benuel akasema.

Mlango wa ghala ukafunguliwa, tukaitwa. Tulipiga magoti wote watatu kwenye sakafu ya mbao. Nilikuwa nimefikiri magoti yale yataniua. Hayakuniua; yaliuma tu, kama magoti ya mtu wa umri wangu. Askofu akasema kila sauti iliyoulizwa imesema tusamehewe, hakuna hata moja iliyokataa. Akamshika Sylvan mkono akamwinua, akamwinua Benuel, na mke wa askofu akaja akaniinua mimi na kunibusu busu la amani. Niliporudi kwenye benchi Rosanna hakugeuka. Alipitisha mkono wake nyuma, akaushika wangu, akaushikilia hadi wimbo wa mwisho, na alikuwa anabana sana, kidogo kwa upendo na kidogo kwa hasira. Vyote viwili nilistahili. Kesho yake nilipokea mapai saba ya molasi. Nilikula kipande katika kila moja, mbele ya aliyelileta.

Meza ya Bwana ikapita. Ikafika Jumapili ya tangazo, mwisho wa Oktoba. Siku hiyo msichana haendi kanisani. Hubaki nyumbani kumpikia mchumba wake, na jina likishatajwa kijana huinuka, hutoka, hufunga farasi na kumfuata. Anayetangaza ni shemasi. Akimaliza, baba wa msichana husimama na kutaja siku ya harusi na kuwakaribisha watu. Kwetu shemasi na baba walikuwa mtu mmoja.

Benuel akasimama. "Wanaotaka kuoana," akasema, "ni ndugu Sylvan Petersheim na dada Rosanna Glick." Sylvan akainuka, akatoka. Tukasikia anafunga farasi, tukasikia gari linatoka uani, kisha kwato kwenye lami, mbio, mbio, kuelekea nyumbani kwetu. Benuel akaketi. Kisha akakumbuka kwamba yeye pia ni baba, akasimama tena.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Kwato bado zinasikika, anazisikiliza, machozi yanaingia kwenye ndevu. Watu wakangoja. Wakangoja tena. Nilimwomba Mungu anipe subira, na niseme ukweli wa Mungu, hakunipa.

"Ni Alhamisi ya tatu ya Novemba!" nikasema kutoka upande wa wanawake. "Mje wote!"

Vichwa tisini vikanigeukia. Mwanamke hasemi hapo, hajawahi kusema.

Askofu Ammon akaegemea mbele. "Suvilla. Hilo nalo utaliungama?"

"Hapana, Ammon. Siwezi kuungama nisilolijutia."

Akajikuna ndevu kwa muda, akamtazama Benuel aliyesimama pale na kofia mkononi, akatutazama sisi sote.

"Basi," akasema, "tumesikia limesemwa na Benuel."

Na Benuel, bado amesimama, bado analia, akaitikia kwa kichwa.